Joseph Bramah: Fundi mchechemeaji aliyeyafanya maji kunyanyua mizigo

MAJI yanapokupwa katika kisiwa cha Lamu, jahazi lililokuwa likielea karibu na ufuo hubaki limekaa mchangani juu ya mkuku wake. Lisipopata cha kuliegemeza, hulala ubavu, na shehena yote ikaporomokea upande mmoja.

Manahodha na mafundi wa Matondoni, kijiji kinachosifika kwa uundaji wa vyombo, walilipatia jambo hilo dawa tangu zama za mababu. Huchukua miti imara na kuitegemeza ubavuni mwa chombo, huku na huku, kisimame wima hadi maji yatakaporejea. Miti hiyo huitwa magadi, na kazi ya kuisimamisha huitwa kugadimu. Msomaji asiyachanganye magadi hayo na yale yachimbwayo ziwani, kwani jina ni moja lakini vitu ni viwili.

Ng'ambo ya mkondo, katika gati la Mokowe lililoko bara, kuna mgeni mwenye tatizo lilo hilo. Msafiri anayeifuata barabara ya Garsen na Witu hadi mwisho wake hana budi kuliacha gari hapo, kwa maana safari ya kwenda mji wa Lamu ni ya mashua. Ikiwa gari lenyewe ni nyumba, lina vitanda, jiko na friji ndani yake, na uwanja alioegesha umeinama, mgeni huyo hatalala vyema. Maji ya karai yatakwenda kombo, mlango utajifunga wenyewe, na hata friji inayotumia gesi huenda isipoe, kwa sababu maji yake ya ndani huhitaji kuteremka kwa mwinamo uliokusudiwa.

Basi mgeni hubonyeza kitufe, na kutoka chini ya gari huteremka miguu minne ya chuma. Muda si muda, nyumba yake imekaa sawa. Hayo nayo ni magadi, ila yanaendeshwa kwa mafuta yaliyoshinikizwa ndani ya silinda.

Mtu wa kwanza kuifanya nguvu hiyo ifae kazi ya binadamu alikuwa Mwingereza aitwaye Joseph Bramah, aliyefariki zaidi ya miaka 200 iliyopita. Jeki za aina yake zimejaa katika kila gereji kuanzia Mombasa hadi Kisumu, lakini ni mafundi wachache wanaolijua jina lake. Wachache zaidi wanajua kuwa mtambo wake ungebaki kichekesho lau si mfanyakazi wake mmoja, ambaye baadaye alimpoteza kwa kumnyima nyongeza ya mshahara.

Jeraha lililobadili maisha

Bramah alizaliwa mwaka wa 1748 katika eneo la Stainborough, karibu na mji wa Barnsley, jimbo la Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa mkulima aliyelima ardhi ya kukodi, na ilitarajiwa kuwa kijana naye angelishika jembe.

Hata hivyo, alipokuwa na umri wa miaka 16 hivi, aliumia vibaya kifundo cha mguu. Jeraha hilo lilimwacha akichechemea, na kwa kuwa mkulima wa siku hizo aliishi kwa nguvu za miguu yake, familia ililazimika kumtafutia kazi ya kufanywa kwa mikono. Akapelekwa kwa seremala wa hapo kijijini kuwa mwanagenzi.

Kijana alionyesha kipaji mapema. Inasimuliwa kuwa hata kabla ya kuingia karakanani alikuwa akichonga ala za muziki kwa zana duni alizozipata. Alipohitimu useremala, aliondoka kwao na kuelekea jiji la London, na wasimulizi wa maisha yake wanasema safari hiyo aliifanya kwa miguu, mmoja mzima na mmoja mbovu.

Huko London alipata kazi ya kufunga vyoo vya kuvuta maji katika nyumba za matajiri. Vyoo hivyo vilikuwa vitu vipya, na vilikuwa na kasoro, hasa wakati wa baridi kali ambapo vali zake ziliganda. Bramah aliichunguza kasoro hiyo, akabuni vali iliyofunguka kwa bawaba, na mwaka wa 1778 akapewa hataza, yaani hati ya serikali inayomlinda mvumbuzi asiibiwe wazo lake. Hiyo ilikuwa ya kwanza kati ya hataza 18 alizozipata maishani mwake.

Kufuli la dirishani

Kilichompa umaarufu si choo bali kufuli. Mwaka wa 1784 alipata hataza ya kufuli ambalo ndani yake mlikuwa na vibao vyembamba vya chuma, na kila kimoja kilihitaji kusukumwa kwa kipimo chake kamili. Kibao kimoja kikizidi au kikipungua hata kwa unywele, kufuli halifunguki.

Bramah aliliweka moja ya makufuli hayo katika dirisha la duka lake mtaani Piccadilly, pamoja na tangazo kwamba yeyote atakayelifungua bila ufunguo angelipwa gini 200 za dhahabu. Miaka ikapita, watu wakajaribu, kufuli likakataa. Halikushindwa hadi mwaka wa 1851, miaka mingi baada ya mwenyewe kuzikwa, ambapo Mmarekani aitwaye Alfred Charles Hobbs alilifungua kwa kazi ya saa 51 zilizosambaa katika muda wa siku 16.

Tatizo la Bramah lilikuwa jingine. Kufuli lenye vipande vyembamba namna hiyo halikuweza kutengenezwa kwa tupa na nyundo kisha likauzwa kwa bei ambayo watu wangeimudu. Alihitaji mashine za kutengenezea makufuli, na mashine zenyewe hazikuwako. Hapo ndipo alipoletewa sifa za kijana mmoja.

Kijana kutoka Woolwich

Henry Maudslay alizaliwa mwaka wa 1771 na kukulia katika ghala la silaha la serikali huko Woolwich, ambako alijifunza uhunzi. Bramah alipomwajiri mwaka wa 1789, kijana huyo alikuwa na miaka 18 tu. Wafanyakazi wazee walimtazama kwa shaka. Haukupita muda mrefu kabla ya kuwa msimamizi wao.

Maudslay ndiye aliyeziunda mashine zilizokata na kuchonga vipande vya makufuli kwa usawa uliohitajika, kipande cha leo kikafanana na cha jana. Karakana ya Bramah ikawa mahali ambapo kazi ya chuma ilianza kuacha kutegemea jicho na bahati.

Nguvu ya maji

Mwaka wa 1795, Bramah alipata hataza ya mtambo ambao ndio unaotuhusu zaidi leo, nao ni shinikizo la maji. Wazo lake halikuwa jipya. Mwanasayansi Mfaransa Blaise Pascal, aliyefariki mwaka wa 1662, alikuwa amekwisha kueleza kwamba maji yaliyofungiwa chomboni yakisukumwa mahali pamoja, msukumo huo huenea sawasawa kila upande.

Tuchukue mfano. Ziunganishe silinda mbili zilizojaa maji, moja nyembamba ambayo uso wa pistoni yake ni sentimita 1 ya mraba, na nyingine pana ambayo uso wake ni sentimita 100 za mraba. Ukiisukuma ile nyembamba kwa uzito wa kilo 10, ile pana itanyanyua kilo 1,000. Mtoto anaweza kulinyanyua gari.

Lakini hakuna cha bure duniani. Ukiisukuma pistoni nyembamba mwendo wa sentimita 100, ile pana hupanda sentimita 1 tu. Ndiyo sababu mtu anayetumia jeki hupiga mkono wa pampu mara nyingi, na gari likainuka kidogo kidogo.

Kwa zaidi ya miaka 130 elimu ya Pascal ilibaki vitabuni kwa sababu ya kikwazo kimoja, nacho ni kuvuja. Pistoni lazima iteleze ndani ya silinda, na penye kuteleza pana upenyo. Shinikizo lilipopanda, maji yalitafuta upenyo huo na kuruka nje. Ukiufunga kwa kukaza sana, pistoni haiendi. Ukiulegeza, maji yanatoka. Bramah alihangaika na jambo hilo na mtambo wake ukawa karibu kumshinda.

Ufumbuzi ulikuwa pete ya ngozi iliyokunjwa mfano wa bakuli, na waandishi wengi wa historia ya ufundi wanaunasibisha na Maudslay. Mdomo wa bakuli ulielekezwa upande wa maji. Maji yaliposhinikizwa, yaliingia ndani ya pete na kuutanua mdomo huo, ukajibana wenyewe kwenye chuma. Kadiri shinikizo lilivyopanda ndivyo pete ilivyozidi kuziba. Likishuka, pete hulegea na pistoni hurudi kwa urahisi. Adui aliyekuwa akiuharibu mtambo, yaani shinikizo lenyewe, akageuzwa kuwa mlinzi wake.

Kila jeki ya mafuta iliyoko leo ina pete inayofanya kazi kwa kanuni hiyo, ingawa ngozi imeachia mpira na plastiki nafasi yake.

Shilingi zilizomgharimu

Hataza ilikuwa ya Bramah na mtambo ukaitwa kwa jina lake. Maudslay aliendelea kuwa mwajiriwa. Kufikia mwaka wa 1797 alikuwa na mke na watoto, na mshahara wake ulikuwa shilingi 30 kwa wiki. Alimwendea tajiri wake kuomba nyongeza. Bramah alikataa.

Wahenga walinena kuwa mcheza kwao hutunzwa. Maudslay alicheza kwa miaka minane na hakutunzwa, akaondoka na kufungua karakana yake mwenyewe hapo hapo London. Huko aliunda mashine ya kukata skrubu kwa usahihi ambao ulimwengu haukuwa umeuona. Aliziunda pia mashine zilizotengeneza kapi za meli za kivita katika bandari ya Portsmouth, kazi iliyobuniwa na Marc Brunel. Mikononi mwake walipitia vijana kama Joseph Whitworth na James Nasmyth, ambao majina yao yalitamba katika uhandisi wa karne ya 19.

Haimfai mwandishi kumgeuza Bramah kuwa mtu mbaya. Alikuwa mchapakazi, na akili yake haikutulia. Mwaka wa 1806 alitengeneza mashine ya kuchapa nambari kwenye noti za Benki Kuu ya Uingereza, na kabla ya hapo alikuwa amebuni pampu ya pombe na mashine ya kupiga randa mbao. Hata hivyo, mtu aliyepanda ngazi kwa mikono yake mwenyewe, toka kwa mkulima mwenye jeraha hadi duka la Piccadilly, alishindwa kumtambua mwingine aliyekuwa akiipanda ngazi iyo hiyo nyuma yake. Hilo ni doa katika wasifu wake, na ni haki litajwe.

Kifo msituni

Mwishoni mwa mwaka wa 1814, Bramah alikuwa na umri wa miaka 66 lakini hakukubali kukaa nyumbani. Mtambo wake ulipelekwa katika msitu wa Holt, kusini mwa Uingereza, kung'oa miti mikubwa na mizizi yake. Mzee alikwenda kuisimamia kazi hiyo mwenyewe. Baridi ikampiga, maradhi yakaingia mapafuni, na tarehe 9 Desemba 1814 akaaga dunia. Alizikwa Paddington, London.

Vyombo vilivyokwama

Miaka hiyo hiyo, huku kwetu, chombo kilichokwama kiliamua hatima ya mji. Mnamo mwaka wa 1812 au 1813, kwa makadirio ya wanahistoria, majeshi ya Mazrui wa Mombasa na washirika wao wa Pate yaliteremka Shela kuivamia Lamu. Yaliposhindwa na kukimbilia ufuoni, mapokeo yanasema maji yalikuwa yamekupwa na vyombo vimekaa juu ya mchanga. Hapakuwa na pa kukimbilia, na wengi waliuawa pale pale. Baada ya vita hivyo Lamu iliomba ulinzi wa Sayyid Said wa Oman, na historia ya pwani nzima ikachukua mkondo mwingine.

Uingereza nayo ilikuja kuonja uchungu wa chombo kisichosogea. Mnamo Novemba 1857, meli Great Eastern, iliyobuniwa na Isambard Kingdom Brunel, mwana wa yule Marc, ilianza kushushwa ubavu katika mto Thames. Ilikuwa na urefu wa mita 211, na hakuna meli iliyopata kuundwa kabla yake iliyoifikia kwa ukubwa. Ilisogea kidogo ikakwama. Kwa takriban miezi mitatu mashinikizo ya maji ya aina ya Bramah yaliisukuma hatua kwa hatua, hadi tarehe 31 Januari 1858 ilipopata maji ya kutosha ikaelea.

Kabla ya hapo, mwaka wa 1849, mitambo hiyo ilikuwa imenyanyua vipande vya daraja la reli la Britannia huko Wales, kila kimoja kikizidi tani 1,500. Mhandisi Robert Stephenson alitoa amri ambayo wengine waliiona kama woga. Kila kipande kinapopanda kidogo, chini yake pajazwe papo hapo, ili mzigo usiachiwe mtambo peke yake. Mwezi Agosti silinda moja ilipasuka. Kipande kile kizito kilishuka inchi chache tu kikatua juu ya vilivyopangwa chini yake. Lau amri hiyo isingefuatwa, daraja lingeanguka baharini.

Skrubu au mafuta?

Mwaka wa 1851 Richard Dudgeon, mzaliwa wa Scotland aliyehamia New York, alipata hataza ya jeki ndogo ya kubebeka iliyotumia kanuni ya Bramah. Tangu hapo ukoo wa jeki umekuwa na matawi mawili makuu, na ajabu ni kwamba yote mawili yana mizizi katika karakana moja. Jeki ya mafuta ni mjukuu wa Bramah. Jeki ya skrubu ni ya kale kuliko wote wawili, lakini usahihi wa skrubu tunazozitumia unatokana na kazi aliyoianza Maudslay.

Mwenye nyumba ya magurudumu anapochagua miguu ya kulisawazisha gari lake, kwa hakika anachagua kati ya mabwana hao. Miguu ya mafuta ina nguvu nyingi, ni ya haraka, na hulifaa gari zito. Aidha, iliyo ya kisasa hupima mwinamo yenyewe na kusimama panapostahili. Ila bei yake ni kubwa, na pete ikichakaa mafuta huvuja, gari likazama polepole usiku watu wakiwa wamelala.

Miguu ya skrubu, iwe ya kuzungushwa kwa mkono au kwa mota ya umeme, huenda polepole na haihimili uzito kama ile ya mafuta. Faida yake ni kuwa haina cha kuvuja. Skrubu ikisimama, imesimama. Kwa gari dogo au tela la kulala, hiyo yatosha. Wako pia wanaotumia mifuko ya hewa, ambayo hupungua hewa kadiri saa zinavyopita, na wako wanaopanda tu juu ya vipande vya mbao vilivyokatwa kwa mteremko, njia ambayo haigharimu takriban chochote.

Kwa vyovyote vile, kanuni za mchanga hazibadiliki. Mguu mwembamba wa chuma ukiwekwa juu ya mchanga laini utadidimia, hivyo ni lazima chini yake pawekwe ubao mpana. Magurudumu yazuiwe yasibingirike. Na mtu asithubutu kuingia chini ya gari lililoshikwa na jeki pekee, kwani silinda iliyowapasukia wahandisi wa Britannia yaweza kumpasukia yeyote. Huweka kwanza egemeo imara, kisha akaingia.

Fundi wa Lamu analijua hilo bila ya kusoma habari za Stephenson. Kabla ya kujipenyeza chini ya jahazi kulitia kalafati, hulihakikisha gadi kwa mkono wake. Gadi halina pampu wala pete, halipandi wala halishuki, lakini halivuji. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Bramah anastahili heshima yake, kwa kuwa aliitoa elimu vitabuni akaitia katika chuma, na mguu wake ulioharibika ukazaa miguu inayobeba madaraja. Maudslay naye anastahili yake, kwa sababu bila pete ile ndogo nguvu yote ya tajiri wake ingemwagika sakafuni. Tajiri aliandikwa kwenye hataza, fundi akasahauliwa na wengi. Katika karakana zetu leo, iwe ni gereji ya Mombasa au ufuo wa Matondoni, wako akina Maudslay ambao kazi yao ndiyo inayozuia kuvuja, na siku ya mshahara majina yao husomwa mwisho. Wenye karakana wasingoje hadi wawaone wakiondoka.